Sado la Tandale, debe la Ugogoni

Siku ya kwanza, Jumatatu. Tandale

Mimi ni karani wa mizigo pale soko la nafaka Tandale. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanayoshuka kwenye malori, kuyaandika, na kugombana na makuli wanaodai wameshusha 120 wakati daftari langu linasema 117. Miaka tisa sasa. Leo alfajiri nilihesabu lori la mwisho, la mahindi ya Kibaigwa, nikamkabidhi mwenzangu daftari na kumwambia tuonane wiki ijayo. Mjomba alipiga simu wiki iliyopita: "Njoo, bibi yako ameanza kukuita kwa jina la marehemu baba yako."

Niliporudi nyumbani kufunga begi, jirani yangu alikuwa bado hajamaliza vitumbua vyake. Tunapanga nyumba moja, vyumba sita, choo kimoja, si mbali na mfereji wa Mto Ng'ombe. Kwa sababu ya kazi yangu siwezi kumtazama mtu akipima kitu nisihesabu, kwa hiyo hesabu za dada huyu nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe. Mafuta ananunua ya kupima, muuzaji anayachota kwa kikombe cha plastiki na kuyamimina kwenye kifuko, kisha anakifunga fundo juu. Unga wa watoto ni robo, shilingi 500, wakati mwenye kununua kilo nzima analipa 1,800. Mkaa ni kwa sado, lile kopo lililokuwa la rangi. Siku moja nilimwambia, dada, gunia zima la mkaa lingekuokolea karibu theluthi ya hela. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Nitaliweka wapi, karani? Nilale juu yake na watoto watatu?"

Leo hakucheka. Vijana wawili na msichana mmoja wa kampuni ya mikopo walikuwa wamekaa kibarazani kwake tangu saa moja. Hii mikopo watu wanaiita kausha damu. Alichukua 200,000, anarejesha 10,000 kila siku ya kazi kwa siku 26. Jana hakuwa nayo. Hawapigi kelele hawa. Wanakaa tu, wanachezea simu, na wateja wa vitumbua wakiwaona wanapitiliza.

Nilikwenda kwa muuza mkaa wetu kumnunulia sado moja, iwe kwaheri yangu. Alipolikung'uta lile kopo nilikiona kitako chake kwa mara ya kwanza: kimegongwa kikaingia ndani, kama kitovu cha mtoto. Nilimtazama. Akanitazama. "Limeanguka, mkuu," alisema.

Siku ya pili, Jumanne. Dar es Salaam mpaka Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Anasa, najua. Lakini nilitaka mara moja nione ile safari ya kwetu bila magoti kukaza. Ruvu, Morogoro, mahandaki ya Kilosa, halafu ardhi inaanza kuwa nyekundu na mibuyu inajitokeza mmoja mmoja.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee mstaafu, mstaarabu, mwenye karanga za kutosha sisi wawili. Tuliongea hali ya maisha, kama kawaida ya safari. Akasema kijijini hakuna umaskini wa kweli: nyumba hulipii, kuni unaokota, mboga unachuma, na ardhi ipo. Umaskini, alisema, uko mjini, ambako hata kujisaidia unalipia.

Nilimjibu kwa namba, maana ndizo ninazoziamini. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Vijijini ni asilimia 31.3, mijini 15.8. Mara mbili, mzee. Na mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Nilipiga kwenye simu mbele yake, gawa kwa 30, ikatoka 1,644 kwa siku. Akauliza swali zuri: na ile mboga ya kuchuma je? Nikamwambia inahesabiwa, chakula unacholima na kula mwenyewe nacho kinapewa bei kwenye utafiti. Alinyamaza kidogo, akamenya karanga. "Basi walimpa bibi yako hela ambayo hajawahi kuishika," alisema.

Sikuwa na jibu. Nililala gesti karibu na stendi, feni ilikuwa mbovu.

Siku ya tatu, Jumatano. Njia ya Mvumi

Mvumi siyo mbali na Dodoma mjini, kilomita arobaini hivi. Kijiji chetu kiko mbele yake kidogo, upande wa kusini. Mwezi wa pili lakini si mwezi wa kuhesabu kilomita. Ugogoni, nchi ya Wagogo, mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba na kukatika Aprili, na ikinyesha huko vilimani makorongo yanashuka na kila kitu.

Kosta yetu ilifika korongo la mwisho saa nne asubuhi ikasimama. Maji mekundu, mapana kama barabara ya njia nne, yamebeba vijiti na ndala moja. Dereva alizima injini akakunja kiti. "Linapungua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelisema hilo tangu Krismasi. Abiria tukashuka, tukakaa chini ya mbuyu. Watoto wakaleta ubuyu kwenye beseni, mweupe, wa asili, kikombe shilingi 100. Tandale ubuyu uliopikwa na sukari na rangi nyekundu unauzwa kwa bei hiyohiyo, ila kikombe ni kifuko cha vidole viwili.

Saa sita hivi, ng'ambo, ilikuja bodaboda. Imembeba mama, na mgongoni kwa mama mtoto amefunikwa kitenge mpaka kichwani, kwenye joto lile. Walikuwa wanakwenda hospitali, Mvumi. Zahanati ya kijijini ilimpima mtoto malaria, ikakuta anayo, dawa ya sindano ikawa imeisha. Vijana wa pale wana biashara yao ya kuvusha watu mgongoni kwa 2,000. Mama hakuulizwa hela. Vijana wanne walishikana mikono, mmoja akamchukua mtoto juu ya mabega, mmoja akamshika mama kiunoni, maji yakawafika kifuani. Huku upande wetu akachukua bodaboda nyingine. Nilimsikia akipatana: ya kwanza ilikuwa 8,000, hii ya pili 7,000. Elfu kumi na tano kabla hajaona daktari.

Pale kwetu Tandale naweza kutaja zahanati na maduka ya dawa matano ambayo mtu anayafikia kwa miguu akiwa na homa. Dada wa vitumbua mwaka jana alikaa na mtoto nje ya mojawapo usiku kucha kwa sababu hakuwa na hela ya kipimo. Ila alikuwa nje ya mlango.

Tulivuka saa tisa. Kwa miguu, viatu mkononi. Kosta ilirudi Dodoma.

Siku ya nne, Alhamisi. Kijijini

"Mbukwenyi!" Bibi alinisalimia kwa Kigogo, mimi peke yangu kama umati wa watu. Kisha akaniita mume wangu, akasema nimekonda, kisha akaniita kwa jina la baba. Nilimshika mkono. Umekuwa mwepesi kama kuni kavu.

Anayesafiri mwezi wa pili bila kujua atashangaa sana. Shamba lote kijani: uwele umefika kiunoni, alizeti inatoa vichwa, karanga zimetambaa. Unaweza kupiga picha ukatuma mjini watu wakakuonea wivu. Ukiingia ndani, kihenge cha nafaka kinatoa mwangwi. Nilikigonga kwa kidole kama nikigonga mlango. Mavuno ya mwaka jana yaliisha kabla ya Mwaka Mpya, mavuno ya mwaka huu ni mpaka Mei. Hapa katikati ndipo watu wanapoishi kwa mlenda na chochote kinachoweza kusongwa. Jana usiku tulikula mara moja, ugali wa uwele, mlenda uliokaushwa. Hakuna aliyesema kitu juu ya kula mara moja. Huko mjini njaa inamkuta mtu siku yoyote, Jumanne inaweza kuja na Jumatano ikaondoka. Huku ina tarehe zake, na nyumba zote zinazijua.

Bibi alizaliwa kabla vita vya Hitler havijaisha. Mama yake alimsimulia Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua ng'ombe na nafaka na wapagazi, kisha mvua ikagoma. Watu walibadilisha watoto kwa chakula. Anaizungumza Mtunya kama mtu aliyekuwepo. Operesheni ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, 1971, hiyo alikuwepo kweli: "Walituambia sogeeni pamoja mpate maji na shule. Shule tulipata." Bomba la maji lilikuja baadaye sana, na umeme wa REA, ule mradi wa umeme vijijini, umefika juzi tu, kwa 27,000 ya kuunganishwa. Taa ipo sebuleni, imening'inia. Usiku tulitumia tochi ya simu yangu, uniti ziliisha Jumapili.

Yumo pia kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, ule ulioanza 2012. Ruzuku inakuja kila baada ya miezi miwili. Alinionyesha kitambulisho, amekihifadhi ndani ya mfuko ndani ya mfuko ndani ya kopo. Nilimuuliza zile za mwezi huu alizifanyia nini. Alinunua kuku wawili na akalipa deni dukani. Kuku mmoja alitaka kunichinjia. Tulibishana nusu saa, nikashinda kwa kusema daktari amenikataza nyama.

Jioni ndipo nilipouona ule mchezo ambao nimekuwa nikiuandika kwenye daftari kutoka upande wa pili kwa miaka tisa.

Mjomba ana ekari tatu za alizeti. Binti yake ameingia kidato cha kwanza Januari. Ada haipo, imefutwa tangu 2016, lakini sare haikufutwa, wala godoro, wala mchango wa chakula. Alikuja kijana mmoja kwa pikipiki, wa kutoka senta, mpole, anamwita mjomba "baba". Wakaenda wote shambani, wakatembea kando ya mistari, kijana akakadiria kwa macho: gunia kumi na mbili. Akatoa hela palepale, 20,000 kwa gunia, gunia tano. Laki moja. Mwezi wa sita gunia hilohilo litakuwa 50,000, pengine zaidi, na hilo mjomba analijua sana. Aliweka dole gumba kwenye daftari la kijana.

"Mjomba," nilisema tuliporudi, "umeuza laki mbili na nusu kwa laki moja."

"Nimeuza Juni kwa Februari," alisema. "Februari ndiyo ninayo."

Nilitaka kumwambia kuhusu vikundi, AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao), kuuza pamoja na kadhalika, maneno ambayo sisi wa mjini tunayabeba kama zawadi. Nikaona aibu. Anayajua yote. Yeye ndiye aliyekuwa mhasibu wa ushirika ulipokufa.

Debe la yule kijana lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Ndilo atakalopimia Juni. Alipoingia dukani kununua soda nilikwenda kulitazama, tabia ya kazi. Kitako kimegongwa kwa nje, kimetuna kama shavu la anayepuliza filimbi. Nilikadiria linaingiza lita mbili zaidi. Gunia la debe sita hapo unapoteza kama nusu debe na zaidi, bado hujaweka kilemba cha lumbesa, ule ujazo unaopita mdomo wa gunia, juu yake. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mimi nimeshayaandika ya kilo 130, kwa mkono wangu, nikiyaita "gunia moja".

Sikulala vizuri.

Siku ya tano, Ijumaa. Palizi

Niliamka nikidhani tutakwenda kupalilia shamba la bibi, maana magugu yalikuwa yamefika magotini. Mjomba na mkewe walishika majembe wakaelekea upande mwingine, kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye ekari ishirini. Kibarua. Anayepalilia kipande anapata 5,000 au sado mbili za mahindi. Wote wanachagua mahindi.

Kwa hiyo wiki ile ile ambayo shamba lako linahitaji jembe, jembe lako liko kwa mtu mwingine, kwa sababu watoto wanakula leo. Halafu Mei shamba lako linakupa gunia nne badala ya nane, na kihenge kinaisha mapema zaidi, na mwaka unaofuata kibarua kinaanza Desemba. Nilifanya nao kazi mpaka saa sita. Mikono ya karani, malengelenge saa ya kwanza.

Kipande kinapimwa kwa hatua, sabini kwa sabini. Anayepima ni mpwa wa mwenye shamba, kijana mrefu kama mnazi. Nilipouliza kwa nini asipime mtu mwingine, akina mama walicheka wote kwa pamoja, mmoja akakaa chini kabisa. "Yupo mfupi," alisema mke wa mjomba, akifuta macho. "Huyo ndiye anayepima siku ya kugawa mbegu."

Mchana nilikaa na mtoto wa kiume wa mjomba, ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne. Anataka kuja Dar. Nilimweleza chumba ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Nilimweleza choo kimoja vyumba sita. Nilimweleza kausha damu. Alisikiliza kwa adabu yote, kisha akauliza: "Lakini anko, huko hela unaiona kila siku?"

Kila siku, ndiyo. Inapita.

Siku ya sita, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Tulikaa ndani, bibi akanifundisha tena majina ya shangazi zangu waliokufa. Jioni tukapalilia mistari minne ya shamba lake, mimi na kijana, gizani.

Siku ya saba, Jumapili. Kurudi

Mjomba alinipa madebe mawili ya uwele. Nilikataa, akakasirika kweli. Hivi ndivyo ilivyo kila mara: nyumba isiyo na kitu kihengeni inamfungia mzigo wa mjini anayepanga chumba, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, na kwa sababu huenda siku moja mmoja wa watoto atalala kwenye chumba hicho. Na mimi niliacha 60,000 chini ya mto wa bibi. Sasa ninaanza kuona kwamba jirani zangu wengi pale Tandale wanaishi hivyo, mguu mmoja huku mmoja kule, gunia linakuja na hela ya simu inakwenda, na wanaohesabu maskini wa kijijini na maskini wa mjini wanahesabu ukoo uleule mara mbili.

Kijana alikuja nami. Mama yake alisema ni kwa wiki mbili tu. Begi lake lilikuwa la miaka miwili.

Tulipanda basi Dodoma, uwele ukaingia kwenye buti kwa 6,000. Kibaigwa tulisimama. Kutoka dirishani nilimwonyesha kijana soko la mahindi, malori yamepangana, makuli wanashona vilemba vya lumbesa kwa kamba ya katani. Alitazama muda mrefu. Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, mvua, foleni ya Kibaha, Mbezi saa nne usiku.

Kibarazani kwa jirani yangu hakukuwa na mtu. Karai la vitumbua limening'inizwa ukutani, limesuguliwa. Mpangaji wa chumba cha tatu alisema dada ameondoka Ijumaa na watoto, kwao Kigoma. "Kapumzike kwanza," alisema, namna tunavyosema. Wale wa mkopo walikuja Jumamosi wakakaa kwa saa mbili mbele ya mlango uliofungwa kufuli. Shule ya watoto sijui itakuwaje.

Alikuwa ameniachia ndoo yake ya plastiki na nusu ya ule mkaa.

Kijana alisema anapika yeye. Mkaa haukutosha, nikampa hela aende kwa muuzaji, pale pembeni, bado alikuwa wazi. Nilimwona kwa mbali chini ya taa, akisubiri kopo lijazwe, limiminwe kwenye mfuko wake. Kisha akamwomba muuzaji lile kopo tupu. Aliligeuza, akapitisha kiganja kwenye kitako, polepole, akarudi kwangu na mkaa mkononi.

"Anko," alisema, "huku wanagonga kwa ndani."